Dema la Kumi na Nane

Daktari wa masikio alichungulia sikio langu la kushoto, akahamia la kulia, kisha akarudi la kushoto kama mtu aliyesahau funguo humo. "Mwalimu," akasema, "kuogelea juu juu, sawa. Kuzamia, basi." Ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na hotuba wala saa ya ukutani. Kazi ya kujitolea haina pensheni, lakini ina uzuri wake: hakuna bosi wa kukufuta, ni masikio tu.

Swabra, mzaliwa wa Mbwajumali ambaye sasa ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha wazamiaji wa kusafisha miamba, ameniomba niwaandikie nyinyi wapya ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisiulizwe habari za vyeo. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mwenyekiti, katibu na mpishi, mara nyingi siku hiyo hiyo, na katika vyeo hivyo ni upishi peke yake uliokuwa na kazi ya kweli. Basi someni, wadogo zangu. Mkitaka kucheka, chekeni mkiwa nchi kavu, sababu mtaiona.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu maji yako mtoni, na mtoni mtu huvuka, hakai. Nililetwa Amu, yaani Lamu, kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi. Mluhya kuwafundisha Waamu Kiswahili! Aliyepanga uhamisho huo nadhani alikuwa na furaha zake asubuhi hiyo. Mwaka wa kwanza nilipanda boti nikiwa nimefumba macho. Mwaka wa pili nikafumbua jicho moja.

Jicho hilo ndilo lililomwona Bwana Lali. Alikuwa gatini, amechuchumaa, anavuta kamba polepole, na mwisho wa kamba kikatokea kiti cha plastiki, chekundu, kizima, hakina hata ufa. Akakifuta kwa kikoi chake, akanisogezea.

"Ndoo ukae, Mwalimu," akasema. "Tini mna kingine."

Kiamu hicho: ndoo ni njoo, tini ni chini. Akazama, na kweli akarudi na kingine. Bwana Lali ni mtu wa kijiji cha Matondoni. Ujanani alizamia majongoo ya bahari, mpaka siku moja akachoka kuinyang'anya bahari vilivyo vyake, akaanza kuiondolea visivyo vyake. Mitungi ya hewa na kompresa ya kuijazia aliazimwa na mwenye nyumba moja ya wageni. Wasaidizi alikuwa na mmoja tu, Kiprono, askari polisi wa kutoka Kericho aliyejifunza kuogelea katika bwawa la majani chai. Nilimwambia Bwana Lali ukweli wangu, kwamba ninayaogopa maji.

"Vyema," akasema. "Mtu asoogopa mai hayaangalii."

Miezi mitatu alinifundisha katika maji ya kiunoni mbele ya Matondoni. Nilivaa leso mbili juu ya nguo za kuogelea, na mafundi wa vyombo vya baharini waliacha misumari yao waje kutazama mwalimu wa watoto wao akimeza bahari. Hata punda walisimama. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, kutoa maji ndani ya miwani, na kusawazisha masikio kwa kubana pua na kusukuma pumzi taratibu. Hilo la masikio lishikeni. Kila mita mnayoshuka, bana na sukuma, na likikataa panda kidogo ujaribu tena. Mimi nililifanya kwa haraka miaka mingi, na sasa naandika vitabu badala ya kuzamia.

Siku ya kwanza kushuka kwa kweli nilitarajia giza. Nikakuta mtaa. Matumbawe yamejengana kama nyumba za Amu, hakuna nafasi ya kupitisha mkono, na samaki wa kila rangi wanapita bila hodi. Wawili wa njano walinisimamia mbele ya uso, wakanikagua, wakaona sina maana, wakaondoka. Nikatabasamu. Sasa, miwani ya kuzamia hukaa usoni kwa kubana. Ukitabasamu mashavu hupanda, ngozi hukunjamana, na maji huingia. Nikapanda juu nakohoa. Nikashuka tena, nikamwona kaa amebeba kipande cha sifongo mgongoni kama mama anayetoka sokoni, nikacheka, maji yakaingia. Nikapanda mara nne siku hiyo.

"Mwalimu," Bwana Lali akasema akiwa ameshika ukingo wa boti, "tini si mahala pa kuteka." Kuteka ndiko kucheka, kwa Kiamu. Niliahidi kujirekebisha. Kwa miaka kumi na tisa sijafaulu, na sioni haya kukiri kwamba furaha ndiyo iliyonimezesha maji mengi kuliko hofu.

Kuhusu vifaa, msidanganywe na picha za kwenye simu. Kifaa cha kwanza ni gunia la neti la vitunguu, kwa sababu maji yanatoka na taka zinabaki. La nailoni lililozibwa litakugeuza wewe mwenyewe kuwa nanga. Cha pili ni mkasi wa fundi cherehani, mzito, kwa kukata nyavu zilizonasa. Kisu kiwe butu nchani, maana bahari ina mambo ya kutosha bila nyinyi kujichoma. Usivute kitu kilichoshikana na tumbawe. Kata, kata, kata, hata kama ni siku tatu. Mzigo mzito mfungie dumu tupu, mdomo wake ukitazama chini, ulijaze hewa kutoka kwenye mtungi wako, nao utapanda wenyewe. Halafu achia! Kiprono alisahau kuachia siku aliyoinua tairi la trekta, akapanda nalo miguu juu kichwa chini, akatokea mbele ya boti ya akina mama waliokuwa wanakwenda arusini Shela. Kwa bahati maji yalikuwa mafupi, hakuumia kitu isipokuwa heshima ya serikali.

Na chupa, jamani. Chupa ya chini ya bahari ni nyumba mpaka uhakikishe vinginevyo. Igeuze, chungulia, ngoja. Mimi sikungoja mara moja. Nikapandisha chombo cha achari, nikakiweka kwenye boti, na akatoka pweza mdogo, si mkubwa kuliko kiganja, akatembea juu ya mkate wa Kiprono, akaufikiria, akaingia ndani ya kiatu chake cha kazi. Tulimrudisha pweza baharini pamoja na kiatu, maana hakukubali kutoka. Kesho yake tulikuta kiatu kitupu na tukakirudisha kwa mwenyewe. Kiprono alikivaa gwaride zima la sikukuu kikinuka.

Kandambili ndizo nyingi kuliko vitu vyote, na nyingi nilizookota ni za mguu wa kushoto. Bado namsubiri mtaalamu wa kunieleza.

Sasa nifike kwenye kosa letu kubwa. Swabra amenitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama nitaliandika. Ninaliandika.

Ilikuwa likizo ya shule, mwaka wangu wa kwanza wa kuzamia. Tulipanga kwenda kusafisha Mwamba wa Chewa, nje ya kisiwa cha Pate, upande wa Mbwajumali, siku za maji mafu ambapo mkondo hauna nguvu. Bwana Lali alikuwa anamwoza binti yake, akatuambia tutangulie, tunajua. Sisi tukaamini tunajua. Tulikuwa watano, mimi, Kiprono, walimu wawili na muuguzi mmoja, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa akisikia mawimbi. Tulipita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, tukafika mwambani asubuhi nyeupe, na tulichokiona kilitupandisha hasira zote za watu wema.

Juu ya maji, madumu ya mafuta ya kupikia yalikuwa yanaelea. Na chupa za lita mbili, na vipande vya sifongo, vyote vimefungwa kwa kamba kuukuu zilizoota mwani, vimetapakaa mwamba mzima.

"Ona hii uchafu yote!" Kiprono akasema. "Watu wa huku hawana huruma kabisa. Wanafunga takataka ndio isiende!"

Tukakata. Hakuna aliyefika hata mita mbili chini. Mkono ulipofika kwenye kamba ndipo mkasi ulipopita. Kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kwa saa mbili tulikuwa tumemaliza, boti imejaa, tunaimba pambio kwa sauti nne. Badala ya kurudi Amu tukaona tuwape wenyeji nafasi ya kufurahi pia. Tukatia nanga Mbwajumali, tukashusha mzigo wote ufuoni, tukaurundika vizuri, tukasimama mbele yake tupigwe picha.

Watoto walikuja wakicheka. Wakaliona rundo, wakakimbia kuwaita baba zao. Halafu wanaume wakaanza kuja, mmoja mmoja. Mwisho akaja Bwana Famau, mkubwa wa wavuvi wa pale, mwembamba, kofia yake nyeupe imekaa sawasawa, sauti yake ya chini mpaka ulazimike kunyamaza ili umsikie. Akatoa salamu, tukaitikia. Akainama akaokota dumu moja la njano, akaligeuza, akatuonyesha herufi zilizochorwa tako lake.

"Hili langu," akasema kwa adabu. Akaokota jingine. "Na hili la mwanangu. Na lile la jirani yangu. Mwalimu, mumetukua vyelezo vyetu."

Chelezo ni alama inayoelea. Chini ya kila kamba tuliyoikata palikuwa na dema, yaani mtego wa samaki uliofumwa kwa fito, mkubwa kama tenga la kuku, wenye mlango wa kuingilia usiotoa. Mvuvi huliteremsha, huliwekea alama juu, na baada ya siku mbili huja kulipandisha. Sasa alama zote zilikuwa ufuoni, zimepangwa kwa picha. Na dema lisilo na mwenyewe haliachi kazi. Linaendelea kuvua, samaki wanafia ndani, wanaita wengine, na hao nao wanakufa. Sisi tuliokuja kuuponya mwamba tulikuwa tumeufungia mitego isiyo na mtu.

Nilitamani mchanga unimeze. Kiprono alishusha simu aliyokuwa amejiandaa kupigia picha, akaitia mfukoni kama kidhibiti cha kesi.

"Kwetu," Bwana Famau akasema, "mwenye kung'oa alama ndiye mwenye kuirudisha. Mukiyarudisha madema, mwamba ni wetu sote. Musipoyarudisha, musiye tena."

Sikushauriana na mtu. "Bwana Famau," nikasema, "sitaacha kuzamia mpaka dema la mwisho lirudi kwa mwenyewe." Ni maneno mepesi ukiyasema ufuoni. Sikujua nimejifunga kwa muda gani.

Kesho yake Bwana Lali alifika, bado amevaa kanzu ya arusi, harufu ya udi juu yake. Alilitazama rundo, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akaniita polepole, mbele ya kijiji kizima, "muhula huu umewafundisha wana methali gani?"

Nilitazama miguu yangu. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule nilikuwa nimewafundisha darasa la sita methali ya *ukiona vyaelea, vimeundwa*, nikawaandikisha na insha, ukurasa mmoja na nusu. Nikaitaja kwa sauti ndogo. Bwana Lali alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yake safi. Bwana Famau alijizuia kwa heshima, akashindwa, akageuka kutazama bahari huku mabega yakimtikisika.

Tulizamia siku tatu. Vijana wa kijiji walitupa ramani iliyo vichwani mwao, yaani ukiona mnara wa msikiti umekaa juu ya mnazi uliopinda, na ncha ya kisiwa imegusana na ile mikoko, dondoka hapo. Tukadondoka. Dema la kwanza nililipata mimi. Lilikuwa limekaa kwenye mchanga kati ya matumbawe mawili, kamba iliyokatwa imesimama juu yake inayumba, na ndani yake chewa mnene ananiangalia kwa lawama. Nilipiga kelele ya furaha kwenye kipumulio, ikatoka kama mlio wa bata. Nikacheka, maji yakaingia. Nikafunga chelezo nikiwa sioni kitu.

Ilikuwa kazi ya wazimu na sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Kila dema likipatikana dumu la njano lilichomoza juu, na ufuoni watoto wakapiga vigelegele, tukawasikia tukitokea. Kiprono alipata matano peke yake, ila la tano lilikuwa jirani na shimo la kikande mwenye mayai. Kikande ni samaki mwenye meno ya kuvunjia makome na hajali mtu ni askari. Alimfukuza Kiprono mpaka kwenye boti, akamng'oa kipande cha pezi la mpira, na naapa alibaki pale chini akizungukazunguka akisubiri rufaa.

Siku ya tatu jioni yalitimia kumi na saba. Tulipongezana, tukakumbatiana, wake wa wavuvi wakatuletea mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Tulipokuwa tunapakia mitungi, Bwana Famau alikuwa amekaa kwenye gogo akitutazama tunavyofunga mizigo haraka haraka, kama watu waliomaliza.

"Na la kumi na nane?" akauliza.

Tukasimama. Hatukuwa tumehesabu vyelezo tulipovikata. Nani huhesabu takataka? Huenda kimoja kilichukuliwa na maji. Wavuvi wenzake walitazamana, kisha wakatikisa vichwa kwa huzuni. Ndiyo, la kumi na nane. Dema zuri. La fito mpya.

"Tutarudi," nikasema.

"Inshallah," akasema Bwana Famau.

Tukarudi. Msimu uliofuata, na uliofuata huo. Kila mwaka maji yakitakata nilipata ujumbe, mara kwa simu, mara kwa mdomo wa nahodha wa boti ya Pate, na mara moja ulikuja na sahani ya halwa. Mwalimu, salaam nyingi, dema langu lipo wapi? Na kila mwaka Bwana Famau alikuwa amekumbuka kitu kipya. Mwaka wa kwanza alikumbuka kwamba alilitupa upande wa mlango wa bahari, ambako mkondo huleta mifuko. Mwaka wa pili, hapana, lilikuwa kule ambako jarife, wavu mkubwa wa papa, la watu wa mbali lilinasa. Tukaenda. Dema hatukuliona, ila jarife hilo lilikuwa limelifunika tumbawe kubwa kama godoro, na ndani yake kulikuwa na godoro la kweli pia. Tulikata kwa siku tatu kwa mikasi, vidole vikafa ganzi, na tulipoondoa kipande cha mwisho samaki wadogo wa bluu walimwagika kutoka kwenye tumbawe wakanipita usoni, mamia, wananipapasa mashavu. Nilicheka nikanywa nusu ya bahari.

Kwa kosa lile la vyelezo ndivyo kanuni ya kwanza ya kikundi hiki ilivyozaliwa, ile mnayoiona imechorwa ubavuni mwa boti: *chenye fundo kina mwenyewe*. Kitu kilichofungwa na mkono wa mtu, usikikate. Uliza kwanza. Kuuliza si ujinga. Ujinga tuliupangia picha Mbwajumali.

Miaka ikaenda. Kiprono akahamishiwa bara, akapata kitambi na cheo, na bado alipiga simu kila msimu: "Mwalimu, mmeipata?" Sikuwa nimelipata. Mwanzoni lilikuwa jambo la kutaniwa. Baadaye likaanza kuniuma. Watu wa Mbwajumali walinipokea kama ndugu, walinipa chai, walinipa Swabra aliyekua mbele ya macho yangu akaja kuzamia nasi, na mimi nilikuwa nimekula samaki wao na neno langu bado liko chini ya maji. Nilijua vilevile kwamba dema la fito haliwezi kudumu miaka yote hiyo, limeoza. Lakini nilitaka hata ufito mmoja. Nilitaka kitu cha kumwekea mkononi.

Daktari aliponikataza, nilimwomba siku moja zaidi. Akakataa. Nikaiiba. Msimu huu uliopita nilishuka mara ya mwisho kwenye Mwamba wa Chewa, polepole, nikibana pua kila nusu mita, mkono wangu umeshikwa na Swabra. Tulitafuta mpaka hewa ikabaki robo. Hakukuwa na dema. Hakukuwa hata na chupa. Nilizunguka tumbawe lile la jarife, limepona, limejaa, na chewa amekaa chini yake kama karani. Sikucheka. Hiyo ndiyo safari peke yake niliyopanda na miwani mikavu, na nililia ndani yake.

Basi nikaenda Matondoni kwa Bwana Lali, sasa ana mvi na miwani ya kusomea, nikamwambia anifundishe kufuma dema. Kama siwezi kulirudisha, nitalilipa. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Alicheka kidogo peke yake na kusema, "Fuma tu, Mwalimu." Nilifuma wiki mbili. Fito zilinichoma, mlango ukaja upande, na mwisho kilitokea kitu ambacho samaki mwenye akili angekionea huruma. Nikanunua dumu la njano, nikachora 18 kwa rangi nyekundu, nikalifunga kwenye dema kwa fundo langu mwenyewe.

Bwana Famau alinipokea ufuoni, pale pale. Kijiji kilikuwa kimekuja. Nilikuwa nimeandaa maneno, mwalimu wa Kiswahili mzima, na yote yakanipotea.

"Bwana Famau," nikasema, "nimeshindwa. Nilikuahidi na nimeshindwa. Masikio yamekataa. Nimekufumia hili, najua si zuri, lakini pokea, ili nisiondoke na la mtu." Machozi yakanitoka mbele ya watoto.

Alilishika dema. Akaligeuza, akautazama ule mlango. Akautazama uso wangu. Nami nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake: aibu.

"Mwalimu," akasema, "madema yalikuwa kumi na saba."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kumi na saba. Mulirudisha yote siku ile ya tatu." Akavua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. "Nimewaona wasafishaji wangapi! Huya mara moya, hupija picha, wakenda zao, mwamba ukasalia na uchafu wake. Nyinyi muliharibu, kisha mukakaa siku tatu mukatengeza. Nikasema, hawa ni watu. Hawa wakiwa na la kutafuta, watarudi. Wallahi, Mwalimu, nilidhani mutarudi mara moya. Mbili, mukizidi. Sikuyua una kitwa kigumu hivi!"

Kwa muda wa pumzi tatu nilikasirika, kweli kweli, nikakumbuka vidole vyangu vya ganzi na kila mita niliyoishuka. Halafu nikakumbuka alivyokuwa akikumbuka: mlango wa bahari na mifuko yake, jarife na godoro lake, kila mwaka pale palipokuwa pachafu kuliko pote. Nikawatazama watu. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunika midomo kwa leso na viganja. Bwana Lali, aliyejidai amekuja kunishikia mzigo, alikuwa amejificha nyuma ya mashua. Na wewe, Swabra! Wewe uliyelijua hili tangu una meno ya maziwa, uliyenishika mkono kule chini ukatafuta nami kwa makini ndani ya kila shimo! Ulikuwa umepiga magoti mchangani, huwezi kupumua.

Nilicheka. Ilianzia tumboni, nikakaa chini, nikalala chali na nguo zangu nzuri, na mara ya kwanza katika kazi hii nilicheka mpaka mwisho bila tone la maji kuniingia. Nilimpigia Kiprono simu hapo hapo. Nikamsimulia. Kisha nikasikia kiti kikianguka, na sauti ya askari wake ikiuliza, "Afande, uko sawa?"

"Na hili?" nikamwuliza Bwana Famau nilipoweza kusema, nikionyesha kioja changu cha fito.

Alilikumbatia. "Hili ndilo la kumi na nane," akasema. Jioni ile ile alilipakia mwenyewe, akaenda kuliteremsha mwambani mbele ya macho yangu, na dumu langu la njano likabaki likicheza juu ya maji.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia maandishi haya. Lakini juzi nahodha wa boti ya Pate alinigongea mlango, ameshika kitu ndani ya mfuko, na salamu kutoka Mbwajumali. Salaam nyingi, Mwalimu, dema langu lipo wapi?

Nilimwambia safari hii sidanganyiki. Akafungua mfuko. Lilikuwa dumu la njano, limeandikwa 18 kwa rangi nyekundu, limeokotwa ufuoni asubuhi, na shingoni mwake ilikuwa inaning'inia kamba nzima, hakuna aliyeikata; ni fundo langu la kule kwenye dema lililofunguka lenyewe vizuri kabisa.

Kwa hiyo mitungi ijazwe. Dumu liko kibarazani kwangu, Swabra apite kulichukua, na fundo afunge yeye. Dema liko upande wa kaskazini wa tumbawe la jarife, mita nane, mlango wake uko upande, hamtalikosa. Linavua bila mwenyewe na chewa yule hana akili nyingi kama nilivyomdhania, anaweza kuingia. Nimeshampa Bwana Famau neno langu kwamba mtakuja maji yakifa, na jamani, msichelewe: safari hii dema lipo.